Kuuza Ziada ya Shamba Sokoni

Wasomaji wetu, leo twataka kusema nanyi habari za jambo ambalo kila mtu hudhani analijua, kwa kuwa ameliona tangu utoto wake: kuchukua mazao yaliyozidi nyumbani na kwenda kuyauza sokoni. Hakuna kijiji kisichokuwa na soko lake karibu. Katika milima ya Usambara soko la siku maalumu huitwa gulio. Katika nchi ya kati watu husema mnada. Na pale Tengeru karibu na Arusha hukusanyika umati mkubwa siku ya Jumamosi. Lakini kuona jambo si kulijua. Wengi hurudi kutoka sokoni na fedha mkononi, wakifurahi, kumbe wamepoteza.

Tutoe mfano wa jambo tuliloliona kwa macho yetu. Mwezi wa Juni mmoja, katika mnada mmoja wa nchi ya kati, alifika mama mmoja na mkokoteni wa ng'ombe, ameleta mahindi yake debe 24. Mnunuzi alimwambia, "Mama, nitakupa Sh. 60,000 kwa gunia." Bei ile ilimpendeza, kwa sababu alijua kuwa gunia ni debe sita, akahesabu kuwa atapata Sh. 240,000. Mnunuzi akatoa magunia yake mwenyewe, akayajaza hata midomo ikawa haifungiki, akashona vipande vya gunia jingine juu yake, yakawa na vilemba. Kila gunia likameza debe nane. Mama akasema, "Baba, mbona hivi?" Akajibiwa, "Mama, gunia ni gunia. Wenzako wote wamejaziwa hivi hivi." Yakapatikana magunia matatu, si manne, naye akapewa Sh. 180,000.

Mwezi wa Februari tulimwona tena mama yule katika mnada ule ule. Safari hii hakuja kuuza. Alikuja kununua mahindi ya watoto, nayo bei ilikuwa Sh. 15,000 kwa debe. Fanyeni hesabu, wasomaji: hata kama asingalitumia senti moja ya fedha zile, debe 24 alizotoa mwezi wa Juni zingalimrudishia debe 12 tu. Nusu ya mavuno yale ilikwenda wapi? Sehemu ilikwenda katika kilemba cha gunia, na sehemu ilikwenda kwa kuwa aliuza kitu kisichokuwa ziada. Hatumlaumu mama yule. Alikuwa mtu wa bidii kuliko wengi wetu. Lakini bidii ya jembe bila hesabu ni kama maji katika pakacha.

Basi na tuyatazame mambo haya moja moja.

Jambo la kwanza: Ziada ni nini?

Ziada si kile kinachoonekana kingi siku ya mavuno. Siku ya mavuno ghala la kila mtu huonekana limejaa. Ziada ni kile kinachobaki baada ya kutoa chakula cha nyumba mpaka mavuno mengine, mbegu, na akiba ya wageni, misiba na hasara.

Njia ya kujua ni nyepesi. Mama wa nyumba na apime debe moja la mahindi, ahesabu litakaa siku ngapi jikoni. Tuseme limekaa siku nane. Mwaka una siku 365; gawanya kwa nane, utapata karibu debe 46. Ongeza debe 14 kwa ajili ya mbegu, wageni, misiba na sehemu itakayoharibika. Jumla ni debe 60, yaani magunia 10. Mwenye kuvuna magunia 14, ziada yake ni manne. Mwenye kuvuna tisa hana ziada hata kidogo, ijapokuwa ghala lake limejaa mpaka juu. Kwenye mvua za misimu miwili, hesabu ifanywe kwa siku zilizo kati ya mavuno na mavuno.

Hapa twapenda kusema neno kwa waume. Mara nyingi mwanamume huamua peke yake kiasi cha kuuza. Lakini ajuaye debe linakaa siku ngapi ni mke, si mume. Kuuza bila shauri lake ni kuuza gizani. Kadhalika tunawaonya wale wanaouza mazao yangali mabichi shambani kwa sababu ya shida ya fedha. Mnunuzi wa namna hiyo huweka bei ya kujikinga na ukame, wadudu na wizi, na hasara yote ya kujikinga huko hulipwa na mkulima.

Jambo la pili: Kutayarisha mazao

Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mazao mazuri hayaharibiwi na safari tu. Mara nyingi huharibiwa siku ile ile yanapotoka shambani.

Mboga za majani zichumwe asubuhi mapema au jioni, wakati wa ubaridi, nazo ziwekwe kivulini. Nyanya za kupeleka mbali zichumwe zinapoanza kupiga wekundu, kwa maana zitaendelea kuiva njiani. Zilizoiva kabisa ziuzwe karibu. Msizitie katika magunia, bali katika matenga yaliyotandikwa majani makavu, tena tenga lisijazwe hata za chini zikapasuka kwa uzito wa za juu. Kabichi iachiwe majani machache ya nje yaikinge. Vitunguu vikaushwe mpaka shingo zake zinyauke kabisa, maana kitunguu chenye shingo mbichi huoza upesi. Viazi mviringo visianikwe juani. Kiazi kilichogeuka rangi ya kijani kina sumu. Mayai yajaribiwe katika maji: yai jipya huzama likalala, yai la zamani huelea.

Mahindi na karanga vyahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu hapa kosa si la fedha tu, ni la uhai. Nafaka iliyowekwa ikiwa na unyevu huota ukungu, na baadhi ya ukungu huo hufanya sumu iitwayo sumukuvu, isiyoonekana kwa macho wala kuondoka kwa kupikwa. Mwaka 2016 watu waliugua na wengine wakafa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sababu ya sumu hiyo. Kwa hiyo mahindi yaanikwe juu ya turubai au jamvi, si juu ya udongo. Kujua kama yamekauka, tia konzi chache za mahindi katika chupa kavu pamoja na chumvi kavu kidogo, utikise vizuri, kisha uache yatulie. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi yangali na maji, anika tena. Mahindi yaliyoota ukungu yasiuzwe, yasiliwe, wala yasipewe kuku au ng'ombe wa maziwa.

Tena wako wadudu. Wazee wanakumbuka jinsi dumuzi alivyoingia Tabora kati ya mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980, akitoka mbali katika nchi za Amerika ya Kati. Watu walimwita Scania, jina la lori kubwa, kwa jinsi alivyoyasaga mahindi. Siku hizi iko mifuko ya plastiki ya tabaka mbili au tatu isiyopitisha hewa. Mahindi makavu yakifungwa humo barabara, wadudu hufa kwa kukosa pumzi, wala haitakiwi dawa. Mfuko huo huonekana ghali siku ya kuununua, lakini ndio unaomwezesha mtu kungoja bei nzuri bila kumlisha dumuzi.

Baada ya hayo, chagueni mazao katika mafungu matatu. Fungu la kwanza, lililo zuri, la soko la mbali. Fungu la pili la soko la karibu. Fungu la tatu, lenye majeraha, la jikoni siku ile ile. Maharage ya rangi mbalimbali yasichanganywe, kwa kuwa mnunuzi hulipa vizuri zaidi akipata namna moja. Wala msiweke makubwa juu na madogo chini. Mnunuzi aliyedanganywa mara moja hatarudi, naye atawaambia wengine. Na mazao yaliyopigwa dawa yasivunwe kabla ya siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa kutimia. Anayefanya hivyo hauzi mboga, anauza ugonjwa kwa watoto wa mwenziwe.

Jambo la tatu: Kipimo

Watu wetu wamepima kwa vyombo vingi. Wazee walipima kwa kibaba na pishi, vibaba vinne kuwa pishi moja. Kisha likaja debe, lililokuwa bati la mafuta ya taa la galoni nne. Siku hizi sokoni kuna sado, jina lililotokana na kopo la rangi la lita nne. Vyombo hivi si vibaya kama muuzaji na mnunuzi wote wawili watatumia chombo kile kile kisichopondwa wala kukatwa. Ubaya huja pale mmoja anapokuja na chombo chake.

Gunia la kilemba, ambalo watu huliita lumbesa, limekatazwa. Sheria ya Vipimo ya Tanzania yataka gunia la mazao ya shamba lisipite kilo 100, na Wakala wa Vipimo ndiye mwenye kazi ya kusimamia jambo hilo. Lakini sheria haina miguu ya kwenda kila mnada kila siku. Yampasa muuzaji mwenyewe aijue na kuisema. Dawa iliyo bora ni mizani. Debe la mahindi makavu huwa na kilo kama 17 au 18. Mwenye kuuza kwa kilo hana haja ya kugombana habari za ukubwa wa gunia, kwa maana hata gunia likiwa na vilemba vitatu, kila kilo italipwa. Kabla ya kupima, itazameni mizani ikiwa tupu kama inasimama kwenye sifuri.

Jambo la nne: Bei na safari

Msiende sokoni bila kujua bei. Ulizeni siku moja kabla, kwa simu, kwa ndugu aliye mjini na kwa jirani aliyetoka sokoni. Tena msimwulize mtu mmoja, ulizeni watatu. Mkifika, msiuze kwa mtu wa kwanza. Zungukeni kwanza mwone mazao kama yenu ni mengi au machache.

Wengi husikia bei ya mjini wakatamani. Tufanye hesabu ya mkulima wa nyanya huko Lushoto, ambako mboga nyingi hupelekwa Tanga na Dar es Salaam. Hesabu hizi ni za mfano tu, kila mtu aweke zake. Tuseme tenga moja gulioni ni Sh. 15,000, na mjini ni Sh. 22,000. Nauli ya tenga ni Sh. 3,000, kupakua na ushuru wa soko ni Sh. 1,000, na nauli ya mtu mwenyewe pamoja na chakula, kwenda na kurudi, ni Sh. 10,000. Mwenye tenga moja atabaki na Sh. 8,000, ni heri angaliuza gulioni. Mwenye matenga matano atabaki na Sh. 80,000 badala ya Sh. 75,000, amesafiri siku nzima kwa faida ya Sh. 5,000. Lakini majirani watatu wakikusanya matenga 10 na kumtuma mmoja wao, watabaki na Sh. 170,000 badala ya Sh. 150,000. Na katika hayo 10, likioza tenga moja tu njiani, watapata Sh. 148,000, chini ya bei ya gulioni. Hapo mtaona kwa nini tulisema sana juu ya kuchuma na kufungasha: tenga moja lililooza limekula faida ya matenga tisa, na zaidi.

Habari za kodi pia zijulikane. Mwaka 2017 Serikali ya Tanzania ilipunguza ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 mpaka asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, ikaondoa ushuru huo kwa mzigo usiozidi tani moja unaosafirishwa kutoka wilaya moja kwenda nyingine. Kabla ya kusafiri, mtu na aulize ofisini ili ajue kanuni inayotumika siku ile, na kila anapolipa adai stakabadhi. Anayelipa bila stakabadhi huenda akalipa mara mbili.

Kwa mahindi na maharage, bei kwa kawaida huwa chini wakati wa mavuno na kupanda kadiri maghala yanavyopungua. Lakini si kila mwaka, wala hakuna anayeijua bei ya kesho. Kwa hiyo twashauri ziada iuzwe kwa mafungu: fungu moja baada ya mavuno kwa mahitaji ya lazima kama ada na sare za shule, fungu la pili baada ya miezi mitatu, na la tatu mvua zinapoanza. Mtu akikosea fungu moja, hakukosea yote.

Jambo la tano: Umoja na daftari

Nguvu ya mnunuzi mkubwa ni kwamba yeye ni mmoja na wauzaji ni mia, kila mmoja akihofia kurudi na mzigo wake. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walilitambua jambo hili zamani. Walianzisha chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 ukafuata ushirika wa KNCU. Hatusemi kila kijiji kianzishe ushirika mkubwa kesho. Vikundi vikubwa vyahitaji uongozi wa uaminifu na hesabu za wazi, na vingi vimeanguka kwa kukosa hayo. Lakini nyumba tano zaweza kununua mizani moja. Nyumba kumi zaweza kukodi gari moja. Na wauzaji wote wa soko wakikataa lumbesa siku moja, mnunuzi hawezi kusema tena, "Wenzako wote wamejaziwa hivi hivi."

Tena, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la shule la kurasa chache latosha. Upande mmoja andika ulichotoa: mbegu, mbolea, vibarua, nauli, ushuru. Upande wa pili andika ulichopata, na tarehe yake. Mwisho wa mwaka utajua ni zao gani lililokulipa na lipi ulilolima kwa mazoea tu. Asiyejua kuandika na amtume mtoto wake. Mtoto atapata faida mbili.

Neno kwa wazee na walimu

Wazee wa vijiji, soko ni nyumba ya watu wote, nanyi ndio walinzi wake. Soko lenye mizani iliyokaguliwa mahali pa wazi, kivuli cha mboga, maji safi, choo, na ubao ulioandikwa viwango vya ushuru, huwavuta wauzaji na wanunuzi. Soko la matope, ambamo kila mtu hujitoza ushuru wake, hufa polepole, na kijiji hubaki kikimngojea mwenye lori nyumbani. Gharama ya mizani si kubwa kama hasara ya mnada mmoja.

Mabwana na mabibi walimu, wapeni watoto hesabu hii darasani: Nyumba moja hutumia debe moja la mahindi kwa siku 10. Imevuna magunia manane ya debe sita sita. Inataka kuweka debe sita kwa mbegu na wageni. Ina ziada debe ngapi, ikiwa mavuno mengine ni baada ya siku 360? Na ziada hiyo ikijazwa katika lumbesa za debe nane, itapungua magunia mangapi? Mtoto atakayefanya kazi hii vizuri atagundua kuwa ziada ni debe sita tu, yaani gunia moja, nalo halitoshi hata kujaza lumbesa moja. Akirudi nyumbani na kumweleza mama yake jambo hilo, mtakuwa mmefundisha watu wawili.

Tumesema mengi, lakini shina lake ni moja. Mkulima amekwisha fanya kazi iliyo ngumu: amelima, amepalilia, amelinda ndege na nguruwe. Kazi iliyobaki ni ya siku chache, ya kupima, kuchagua na kuuliza. Haba na haba hujaza kibaba. Na kilemba juu ya kilemba hulimaliza ghala. Msimu ujao, kabla hujaufungua mlango wa ghala lako kwa mnunuzi, lihesabu kwanza.